Walioketi Mkekani: Historia ya Wataalamu wa Malezi ya Awali Afrika Mashariki

Ukiingia leo katika ofisi ya shirika linaloshughulikia watoto wadogo, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Geneva, utasikia maneno yaleyale: uchangamshi wa awali, malezi yenye mwitikio, miaka ya kwanza ya mtoto. Ni taaluma kamili sasa, yenye shahada zake, mikutano yake, bajeti zake na wataalamu wake wanaopanda ndege kila mwezi. Miaka 70 iliyopita haikuwa na sura hiyo. Daktari alipima uzito na joto la mwili, mwalimu alimngoja mtoto afikie umri wa shule, na yaliyobaki katikati aliachiwa mama na bibi.

Taaluma hiyo mara nyingi husimuliwa kana kwamba ilianzia kwenye vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya, kisha ikaletwa huku kwa mradi. Ukweli ni kwamba sehemu yake kubwa ilifumbuliwa katika nyumba za Afrika Mashariki, na watu waliofanya kazi hiyo kwa karibu kabisa hawakuitwa wataalamu.

Mgeni na mkalimani wake

Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala akimfuata mumewe, Leonard, aliyepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, pale Makerere. Yeye mwenyewe hakuwa na kazi iliyomngoja. Alikuwa mwanasaikolojia, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Toronto, Kanada, na alikuwa ametoka London alikofanya kazi na John Bowlby. Bowlby ndiye daktari aliyeliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti maarufu ya mwaka 1951 kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama. Alikuwa ameanza kushikilia kwamba mtoto mchanga huzaliwa na haja ya kushikamana na mtu, haja iliyo ya asili sawa na njaa. Ainsworth hakusadiki. Kwa elimu ya wakati ule, mtoto alimpenda mama kwa kuwa mama ndiye mwenye maziwa. Hapakuwa na fumbo zaidi ya hapo.

Alichotaka kuchunguza Uganda kilikuwa kuachisha ziwa. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humpeleka mtoto kwa bibi yake ili alisahau titi, akaona hiyo ni nafasi ya kupima athari za kutengana na mama. Alipofika vijijini aligundua kwamba desturi hiyo haikufuatwa tena kama alivyoambiwa. Mtafiti mwingine angefunga daftari. Yeye alibadili swali: badala ya kuuliza jinsi mtoto anavyotengana na mama, akauliza jinsi anavyoshikamana naye.

Familia 26 kutoka vijiji vya kandokando ya Kampala zilikubali kumpokea, na kwa jumla zilikuwa na watoto wachanga 28. Kwa muda wa miezi kadhaa, hadi tisa kwa baadhi yao, alizitembelea kila baada ya wiki mbili akiwa na mkalimani wake, Katie Kibuka. Walikuja alasiri, saa ambazo mwanamke wa Kiganda amepumzika na kazi za shamba na anaweza kupokea wageni, wakaketi sebuleni kwa saa mbili hivi. Waliongea, wakanyamaza, wakamtazama mtoto.

Yaliyoandikwa katika daftari lile yanasomeka hadi leo kama habari za nyumba yoyote unayoijua. Mtoto anatambaa kutoka kwa mama yake hadi pembe ya chumba, anashika kitu, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, anarudi kumgusa magoti, kisha anaondoka tena. Mwingine anamwona mama akirudi, anapiga makofi kwa furaha. Ainsworth aliyaandika makofi hayo kwa makini, kwa sababu baadaye, alipowachunguza watoto wa Marekani, aliona wao humlaki mama kwa kumkumbatia na kumbusu. Namna ya kumlaki ilitofautiana. Shauku ya kumlaki ilikuwa ileile. Aliona pia kwamba wapo watoto walioshikamana na baba au ndugu ambaye hakuwahi kuwanyonyesha hata siku moja. Nadharia ya maziwa ikaanguka palepale, na aliyeiangusha ndiye aliyekuja akiiamini.

Jambo jingine alilogundua halikutoka kwa watoto. Wapo akina mama waliojibu maswali kwa ufupi, na wapo waliosimulia kwa undani bila kuulizwa: mtoto ameanza nini wiki hii, anachukia nini, analia vipi akiwa na usingizi na vipi akiwa na njaa. Watoto wa kundi hili la pili ndio waliokuwa wametulia zaidi, wakicheza bila hofu mama akiwapo. Mama aliyemjua mtoto wake alikuwa na mtoto aliyemwamini. Dhana ya mama msikivu, ambayo leo hufundishwa katika kila chuo cha malezi duniani, ilichukua sura yake katika mazungumzo hayo ya Kiganda.

Ainsworth aliondoka Uganda mwaka 1955. Alihamia Baltimore, akarudia utafiti kwa familia za Kimarekani, akabuni jaribio la chumbani ambamo mama hutoka na kurudi huku mtoto akitazamwa. Jaribio hilo ndilo lililompa jina. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, lakini wanafunzi wengi wa saikolojia wanaijua Baltimore kuliko Buganda. Kuhusu Katie Kibuka, ambaye kila neno la akina mama wale lilipita kinywani mwake, vitabu vya kiada havisemi kitu.

Mizani za kigeni, shimo la Kokwet

Ainsworth hakuwa mgeni pekee aliyevutiwa na watoto wa Kampala. Miaka hiyohiyo daktari Mfaransa, Marcelle Geber, aliwapima mamia ya watoto wachanga kwa vipimo vilivyotungwa Marekani na Arnold Gesell. Matokeo yalimshangaza: watoto wa Kampala waliketi, walisimama na kutembea mapema kuliko watoto wa Ulaya. Mjadala mrefu ukazuka. Wapo waliodai ni tofauti ya damu. Wengine walihoji vipimo vyenyewe na jinsi vilivyotumika. Kwa karibu miaka 20 watu walibishana juu ya miguu ya watoto wa Kiafrika, na wachache tu walifikiri kumuuliza mama.

Aliyeuliza ni Charles Super. Mwaka 1972 yeye na mwenziwe Sara Harkness walihamia Kokwet, makazi ya wakulima wa Kipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, wakaishi huko miaka mitatu. Walichokiona kiliumaliza ubishi. Mtoto wa Kipsigis alipofika miezi mitano au sita, alichimbiwa kishimo ardhini, akakalishwa ndani huku kuta za shimo zikimshikilia mgongo, nguo ikizungushwa kumkinga. Baadaye alishikwa mikono akatembezwa, siku baada ya siku. Kuketi na kutembea kulifundishwa, na watoto wakawahi. Kutambaa hakukufundishwa, na huko watoto hawakumtangulia mtu. Kilichodhaniwa kuwa maajabu ya maumbile kilikuwa kazi ya mama, kazi yenye mpango na ratiba.

Fundisho la Kokwet lilikuwa zito kwa taaluma changa. Kabla hujaandika programu ya kuwafundisha wazazi, tazama wanachofundisha tayari.

Harambee ya chekechea

Wakati wasomi wakibishana, wananchi walikuwa wanajenga. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wito wa Harambee ulijibiwa pia kwa vyumba vya watoto wadogo. Kijiji kilichanga mabati na mbao, kanisa likatoa ukumbi, akina mama wakamteua binti mmoja mwenye subira na watoto, naye akawa mwalimu. Hakuwa na mafunzo. Mshahara wake ulitoka kwenye ada ya wazazi, na wazazi wasipolipa hakulipwa. Hata utawala ulimweka pembeni: kwa muda mrefu chekechea zilikuwa chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, si chini ya Wizara ya Elimu.

Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianzisha Mradi wa Elimu ya Awali kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, uliotokana na mali ya mfanyabiashara wa vifungashio. Mradi uliendelea kwa takriban mwongo mzima. Ungeweza kuishia kwenye chekechea chache za mfano jijini Nairobi, zikapigwa picha na kusahaulika. Wakufunzi wake walifuata njia ngumu zaidi. Waliamua kuwafundisha walimu walewale waliokuwa tayari darasani, bila kuwaondoa kazini.

Mpango ulikuwa hivi: kozi ya miaka miwili, walimu wakikutana chuoni wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, kisha kurudi madarasani mwao muhula ukifunguliwa, ambako wakufunzi waliwafuata kuwatazama wakifundisha. Kwa mwalimu asiye na mshahara wa uhakika, mwenye watoto wake mwenyewe nyumbani, hiyo ndiyo njia pekee iliyowezekana. Na kwa kuwa vitabu vya watoto wa umri huo havikuwepo, walimu na wazee walikusanya hadithi, vitendawili na nyimbo kwa lugha za mama, zikaandikwa na kurudishwa madarasani. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa magunzi, udongo, vizibo vya soda na vitambaa.

Mwaka 1980 amri ya rais ilihamisha elimu ya awali hadi Wizara ya Elimu. Mwaka 1982 semina ya kitaifa mjini Malindi iliyapitia yaliyopatikana, na mwaka 1984 kikaundwa Kituo cha Taifa cha Elimu ya Awali, NACECE, kilichofuatwa mwaka mmoja baadaye na vituo vya wilaya. Wataalamu wa Kenya kama Anne Njenga na Margaret Kabiru wakawa sasa ndio wanaotembelewa. Wajumbe kutoka nchi nyingine za Afrika walikuja Nairobi kujifunza jinsi nchi isiyo tajiri ilivyojenga mfumo wa kuwafunza maelfu ya walimu wa chekechea. Kwa mara ya kwanza barabara ya utaalamu ilikuwa inapitika pande zote mbili.

Madrasa ya Mombasa

Mfumo huo mzuri wa Nairobi haukufika sawasawa pwani. Mwambao ulikuwa na chuo chake cha zamani kuliko shule yoyote ya serikali: madrasa, ambamo mtoto alianza na alifu na kijiti cha kuonyesha herufi. Wazazi wengi Waislamu waliziona chekechea za mjini kuwa za dini nyingine au za watu wenye fedha. Matokeo yake yalionekana mlangoni mwa darasa la kwanza. Shule nyingi za msingi zilikuwa na mazoea ya kuwasaili watoto kabla ya kuwapokea, na mtoto aliyetoka nyumbani moja kwa moja alisimama mbele ya mwalimu asijue aulizwacho, wakati mwenzake wa chekechea alishika penseli na kutaja rangi. Aliyeanza nyuma, mara nyingi alibaki nyuma.

Mwaka 1982 Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, alizuru Afrika Mashariki. Viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimweleza shida hiyo, wakaomba msaada wa kuinua elimu ya watoto wao. Wakfu wa Aga Khan ukaanza kuchunguza, na kazi ya kuanza ikaangukia mikononi mwa mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Mradi ulianza rasmi mwaka 1986.

Bi Swafiya hakuwa na la kuwapa watu isipokuwa hoja, na hoja ilipaswa kupita kwa wazee, maimamu, na hasa akina mama. Hofu zilikuwa za haki. Je, watoto watapoteza Qurani? Nani ataamua wanachofundishwa? Mzungu akija na vitu vyake, vitaondoka naye? Jibu lililopatikana lilikuwa la kuyaweka yote chini ya paa moja: sala, dua, adabu na visa vya mitume, pamoja na hesabu, lugha na mchezo, kwa Kiswahili cha nyumbani. Jengo lilikuwa la jamii na kamati ilikuwa ya jamii. Walimu walikuwa mabinti wa mtaa uleule, waliochaguliwa na watu wao, wengi wao bila cheti cha ualimu.

Kilichoshangaza ni mahali mtaala ulipotoka. Mombasa ilichukua mbinu ya High/Scope, iliyotokana na kazi ya David Weikart katika mji wa Ypsilanti, Michigan. Huko, kuanzia mwaka 1962, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani Weusi waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine wakapelekwa katika chekechea ya Perry, wengine wakabaki bila. Wakafuatiliwa hadi utu uzima, na waliosoma chekechea wakaonekana kupata kipato bora na kukamatwa na polisi mara chache zaidi. Mbinu yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: mtoto hupanga atakachofanya, hukifanya, kisha huwasimulia wenzake alichokifanya.

Ingia katika darasa la Madrasa lililoiva. Mkeka umetandikwa. Pembe moja ni ya nyumbani, ina kinu kidogo, kikapu cha ukili, mbuzi ya nazi na vyungu. Nyingine ni ya ujenzi, ina vipande vya mbao alivyovitoa seremala wa mtaani. Nyingine ina vifuu, kombe za baharini na mbegu za kuhesabia na kupanga kwa ukubwa. Asubuhi watoto wameanza kwa bismillahi na wimbo. Kisha mwalimu anapiga magoti, macho yake sawa na ya mtoto, anauliza: leo utacheza wapi, na utafanya nini? Mtoto wa miaka minne anajibu, anakwenda, anafanya. Baadaye anaulizwa tena: ulifanya nini, ulikwama wapi? Katika jamii iliyozoea mtoto anyamaze mbele ya wakubwa, swali hilo lilikuwa mapinduzi madogo. Wazazi wengine walilalamika mwanzoni kwamba watoto wanacheza tu. Malalamiko yalipungua watoto hao walipofika darasa la kwanza.

Mradi ulivuka bahari kwenda Zanzibar mwaka 1990, ukaingia Uganda mwaka 1993, na shule zikazidi 200 katika nchi tatu. Kituo cha Madrasa kilikaa na kila jamii kwa takriban miaka miwili, kikifunza walimu na kamati, kisha shule ikahitimu na kujitegemea. Ili isife mfadhili akiondoka, jamii ilichanga fedha, mfuko wa mradi ukaongezea, na jumla ikawekezwa ili faida isaidie gharama za shule.

Ushahidi nao ulitafutwa. Mtafiti Mkenya Peter Mwaura, pamoja na Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wa Oxford, waliwafuatilia watoto 423 wa Kenya, Uganda na Zanzibar, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Watoto waliosoma chekechea yoyote waliwashinda kwa maendeleo ya akili waliobaki nyumbani, na wale wa Madrasa waliwazidi wa chekechea nyingine. Kwa mabinti wa mtaa wasio na vyeti, hiyo ilikuwa hukumu nzito kwa upande wao.

Kingston na Jomtien

Karibu na wakati Bi Swafiya alipoanza, ng'ambo ya Atlantiki jaribio jingine lilikuwa linaandaliwa katika mitaa ya maskini ya Kingston, Jamaika. Sally Grantham-McGregor, daktari Mwingereza, na wenzake wa Chuo Kikuu cha West Indies waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa maziwa ya unga kila wiki, baadhi walitembelewa ili wachezewe, baadhi walipata vyote, wengine hawakupata. Matembezi yaliendelea miaka miwili, saa moja kila wiki. Waliotembea hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya wa mitaani, wanawake wenye elimu ya kawaida, wenye mfuko wa vichezeo vilivyotengenezwa kwa chupa tupu na maboksi, wakimwonyesha mama jinsi ya kuzungumza na mtoto huku wakicheza.

Watoto hao walipofika miaka ya ishirini na kitu, walitafutwa tena. Maziwa peke yake hayakuwa yameacha alama ya kudumu. Lakini waliochezewa walikuwa wanapata kipato cha juu kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalinukuliwa na kila benki na wizara. Grantham-McGregor mwenyewe alikuwa ameongoza makala ya mwaka 2007 katika jarida la Lancet iliyokadiria kwamba watoto zaidi ya milioni 200 walio chini ya miaka mitano hawafikii uwezo wao.

Kati ya matukio hayo dunia ilikuwa imeandika ahadi zake. Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989. Mwaka uliofuata, mjini Jomtien, Thailand, mkutano wa Elimu kwa Wote ulitamka kwamba kujifunza huanza mtu anapozaliwa. Mwaka 1992 Robert Myers alitoa kitabu kilichohoji jambo ambalo mashirika ya uhai wa mtoto yalikuwa yamelisahau: ikiwa kati ya watoto 13 wanaozaliwa 12 wanafikisha mwaka mmoja, hao 12 wamepangiwa nini? Tangu hapo fedha zikaanza kuja, na pamoja na fedha wakaja washauri.

Wataalamu wa hapa

Afrika ilihitaji watu wake wa kuzungumza na washauri hao. Mikutano ya bara zima ilifuatana, Kampala mwaka 1999, Asmara mwaka 2002, Accra mwaka 2005, Dakar mwaka 2009. Kuanzia mwaka 2001 Alan Pence wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, aliendesha masomo ya kundi la Waafrika, Watanzania na Waganda wakiwamo, ambao walisoma kwa mtandao huku wakibaki kazini katika wizara na mashirika yao, wakikutana ana kwa ana kwa semina za muda mfupi. Hilo halikuwa geni kwetu. Ni njia ileile ya walimu wa Kenya wa likizo, ila sasa ilikuwa ya shahada ya uzamili.

Mizani nazo zilianza kutengenezwa hapahapa. Huko Kilifi, ambako watafiti walikuwa wakifuatilia watoto waliougua, Amina Abubakar na wenzake walitunga kipimo cha ukuaji kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa Kimijikenda anavijua. Kikachapishwa mwaka 2008. Malawi ilipata chake mwaka 2010, kilichojaribiwa kwa watoto zaidi ya 1,400. Mtoto wa Kilifi hakuhukumiwa tena kwa kushindwa kutaja picha ya kitu ambacho hajapata kukiona. Nusu karne baada ya Geber, kipimo kilianza kumfuata mtoto.

Serikali nazo zikasogea. Zanzibar iliingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima kwa sera yake ya mwaka 2006. Tanzania Bara ilifanya darasa la awali kuwa sehemu ya elimu ya msingi kwa sera ya mwaka 2014, na Desemba 2021 ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyounganisha afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Nguzo hizo tano ndizo zilizotangazwa Geneva mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, ilizikabidhi kaunti kazi ya chekechea.

Deni lisilolipwa

Katika safari yote hiyo kuna jambo moja ambalo halikubadilika. Mwaka 2003 Kenya ilipofuta ada za shule za msingi, wazazi wengi waliwatoa watoto chekechea, ambako ada iliendelea kutozwa, wakawabakiza nyumbani wangoje darasa la kwanza la bure. Walimu wa chekechea wakakosa hata kile kidogo walichokuwa wakipata. Shule za Madrasa nazo ziliona kwamba faida ya mfuko haikutosha mshahara, na binti aliyekwisha kuiva kazini aliondoka kwenda shule binafsi au kwenye biashara. Kaunti zilipoanza kuajiri walimu baada ya mwaka 2013, mabishano juu ya mikataba na viwango vya mishahara yalianza nazo. Upande wa Tanzania, vituo vya jamii bado vingi vinaendeshwa na walezi wanaolipwa posho, ikipatikana.

Angalia mfululizo wenyewe: mkalimani wa Kampala, mama wa Kokwet, mwalimu wa likizo, binti wa Madrasa, mhudumu wa Kingston. Kila ugunduzi mkubwa wa taaluma hii ulipita mikononi mwa mtu wa ngazi hiyo. Shahada, makala na tiketi za ndege ziliwaendea wengine. Simlaumu aliyepata shahada. Tulimhitaji, na bado tunamhitaji. Lakini taaluma inayosema miaka ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko yote, kisha ikamlipa anayeshinda na watoto hao chini ya wote, haijaamini maneno yake yenyewe.

Ushahidi tunao wa kutosha, na sehemu kubwa tuliutoa sisi. Kinachosubiriwa sasa ni uamuzi wa bajeti. Wewe uliye diwani, mjumbe wa kamati ya shule au mzazi tu, bajeti ya halmashauri au kaunti itakaposomwa, usiulize madarasa mangapi ya awali yatajengwa. Uliza mwalimu atakayekaa ndani yake atalipwa kiasi gani, na kila tarehe ngapi.